Nikinyamaza, Kanyaga Breki

Sisi watu wa Karatu tuna aibu moja ambayo hatuwaambii wageni: wengi wetu hatujawahi kushuka kreta, lile bonde kubwa la wanyama. Geti lenyewe liko hapo juu tu, hujamaliza kutafuna muwa umeshafika. Magari ya watalii yanatupita mlangoni kutwa nzima na kutumwagia vumbi kwenye nguo tulizoanika, na mtoto wa darasa la pili anaweza kukutajia gari ni la kampuni gani kwa kusikia mlio tu. Lakini muulize kama amewahi kumwona faru. Atakucheka.

Ndiyo maana Jumuiya ya Mtakatifu Anna ilipoamua kwamba watoto wake saba waliopata kipaimara mwaka huu wapelekwe kreta kutembea, hakuna aliyepinga. Kikao cha kupanga safari kilifanyika Jumamosi asubuhi, baada ya sala, nyumbani kwa Felisiani na mkewe Brigita, upande wa njia ya kwenda Daa. Leodegar, mwenyekiti wa jumuiya, mwenye duka la mabati na misumari pale mjini, alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari: barua ya paroko ya kuonyesha getini, majina ya watoto, masweta kwa sababu ya baridi ya huko juu, makande, mayai ya kuchemsha. Mtu mmoja akapendekeza mpira. Leodegar akamwambia kule hawaendi uwanjani, kule kuna simba, watakula chakula chao kando ya bwawa la viboko kama wageni wanavyofanya na kurudi.

Gari lilikuwa limepatikana bure. Mama Margareth, mwenye kampuni ya utalii ambayo Felisiani ameifanyia kazi ya udereva miaka kumi na tisa, alikubali kutoa Land Cruiser moja ndefu ya zamani, kwa sharti moja tu: usukani ashike Felisiani, si mtu mwingine yeyote. Watu walipiga makofi. Angelina, binti wa nyumba hiyo, ambaye mwezi wa kwanza alitarajiwa kuanza sekondari ya parokia, alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na alitabasamu hadi akasahau kugawa chai.

Felisiani mwenyewe alikuwa uani anatafuta viti vya kuongeza. Wakati huo akaingia Bibi Sifa, jirani, amechelewa kama kawaida yake. Alipitia upande wa ghala, akamsalimia Felisiani kwa sauti ya kusikika, akamnyoshea mkono. Felisiani alikuwa ameinua kigoda. Akageuka, akampita bibi wa watu kwa kipimo cha kidole, mguu wa kigoda nusura umchome begani, akaendelea na safari yake ya kuelekea ndani, huku akirusha "shikamoo" hewani, kwa mtu asiyekuwepo.

Bibi Sifa aliketi, akajifunga khanga vizuri, akasema siku hizi salamu za nyumba hii zinalipiwa kwa dola. Kikao kizima kilicheka. Na kwa kuwa mlango ulishafunguliwa, wengine nao wakaingia: mmoja alimpungia mkono sokoni akapitwa, mwingine walikutana uso kwa uso kasoro kidogo pale stendi, akapitwa. Leodegar akasema, kwa utani lakini si utani sana, kwamba Jumapili iliyopita nje ya kanisa alimnyoshea Felisiani mkono wa amani, mkono ukabaki hapo mpaka ukapata baridi. Mtu akikaa na Wazungu muda mrefu anaanza kujisikia, wakasema. Brigita alicheka nao.

Brigita alijua. Wiki tatu kabla ya hapo Felisiani alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho na kurudi na kichupa cha dawa ya matone. Akamwambia mkewe mambo mawili aliyoambiwa: kwamba ana presha ya macho, na kwamba dawa asiiache hata siku moja. Jambo la tatu na la nne Brigita aliyasoma mwenyewe kwenye karatasi iliyosahaulika mfukoni, siku ya kufua. Pembeni pa macho yote mawili palikuwa pamekufa na hapatafufuka. Na mgonjwa ashauriwe kuacha kuendesha gari.

Ugonjwa huu ni mwongo. Katikati palikuwa pazima. Felisiani alisoma gazeti, alisoma namba ya gari lililo mbali, ungempa zile herufi za ukutani angezitaja zote. Lakini kila kitu alikiona kama mtu anayechungulia kwenye kipande cha bomba. Kilichokuwa nje ya bomba hakikuwepo, awe kuku, awe Bibi Sifa.

*

Watu walipoondoka, Brigita alimfuata mumewe shambani, kwenye ngwara, yale maharage ya huku kwetu, ambako hakuna wa kuwasikia. Alimwambia akatae. Aseme anaumwa mgongo. Felisiani akamjibu kwamba mgongo ukiuma Mama Margareth atamtuma hospitali ya kampuni, na kule wanapima kila kitu, wakianza na mgongo watamalizia na macho. Na akikataa bila sababu, jumuiya itasema nini? Tayari wanasema anajisikia. Halafu kuna Angelina. Amekwisha waambia wenzake shule nzima kwamba baba yake atawaonyesha faru.

"Na wageni unawaonyeshaje wanyama?" Brigita aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkaa kifuani wiki tatu.

Felisiani alichuma ganda moja la ngwara, akalipasua. Akaeleza. Kwanza kuna redio ya gari: madereva wanaitana, simba yuko mahali fulani, chui yuko kwenye mti fulani, yeye anaenda anakoambiwa. Pili, alikuwa ametunga mchezo. Aliuita Nani wa Kwanza. Asubuhi anawaambia wageni kwamba atakayemwona mnyama kabla ya wenzake atanunuliwa soda. Basi wageni wanakodoa macho kutwa, wanapiga kelele, twiga kushoto, tembo kulia, na yeye anasimamisha gari na kuwaeleza habari zake. Wageni wanaupenda mchezo huo kupita kiasi. Mmoja aliandika barua kuusifia, na Mama Margareth ameibandika ofisini.

Brigita hakujua acheke au alie. Alijisikia vyote viwili, na hasira juu yake.

"Ile barabara naijua kona kwa kona," Felisiani alisema. "Naweza kuiendesha nimefumba macho."

"Ndivyo unavyoiendesha."

Kwa mbali lori lilikuwa linapanda kuelekea getini, linahema.

"Barabara unaijua," Brigita aliendelea, sauti ikiwa imeshuka. "Na kilichomo barabarani, Baba Angelina? Hao watoto saba, mmoja ni wako. Wengine sita mama zao nawajua kwa majina."

Felisiani alisema nini hasa? Hakusema kitu cha maana. Alisema ni siku moja tu. Alisema atakwenda polepole. Alisema baada ya safari mbili tatu za msimu huu, karo ya mwanzo ikishalipwa, atamwambia Mama Margareth mwenyewe, kwa mdomo wake. Na Brigita, ambaye asubuhi ile ile angeweza kwenda kwa Leodegar na kumaliza jambo hili kwa maneno manne, akatafuta njia ya tatu. Nimewasikia watu wakimlaumu. Wanaomlaumu wengi wana mishahara.

"Nitakaa mbele, kiti cha kushoto," alisema. "Tukitoka getini nitaanza rozari. Hakuna atakayeshangaa, ni safari ya jumuiya. Ukinisikia nasali, njia ni nyeupe. Nikinyamaza, kanyaga breki. Usiulize kwa nini, wewe kanyaga."

Felisiani aliligeuza jambo hilo kichwani. Akauliza je, ikiwa atakohoa.

"Sitakohoa," Brigita alisema.

Walilijaribu wiki nzima kwa miguu. Walikwenda sokoni Brigita akinong'ona Salamu Maria, bodaboda ikichomoza pembeni ananyamaza, na Felisiani anasimama papo hapo. Walikwenda kanisani hivyo hivyo. Siku ya nne alisimama kabla hata ya mkewe kujua kwamba amenyamaza. Mguu ulikuwa umejifunza. Waliowaona njiani walisema ndoa ya hawa wawili imepata neema mpya, na Brigita aliona aibu hata akashindwa kumtazama Bikira Maria pale altareni.

*

Jumamosi ya safari kulikuwa na wingu zito. Watoto walifika mapema, wamevaa masweta ya shule na viatu vya kanisani, wamebeba ndoo ya makande iliyofungwa kwa kitambaa. Felisiani alilikagua gari akilizunguka kwa kuligusa, mkono ukitembea kwenye bodi kuanzia taa hadi taa. Watoto waliona ni ufundi. Leodegar aliketi nyuma pamoja nao, Angelina karibu na dirisha, na Brigita akapanda mbele na rozari yake ya mbao.

Getini palitokea jambo dogo. Karani alisukuma fomu kwenye kaunta, upande wa kushoto, akamwambia dereva aweke sahihi. Felisiani akasubiri fomu. Karani akasubiri sahihi. Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaanza kuguna, na karani akauliza kama madereva wa siku hizi wanataka walishwe kijiko. Angelina, aliyekuwa ameshuka na Felisiani, ndiye aliyeiokota fomu na kuiweka mbele ya baba yake, halafu akamtazama baba yake kwa muda. Nyani mmoja alikuwa juu ya boneti, na watoto wengine walikuwa wanashughulika naye.

Kutoka getini barabara inapanda ndani ya msitu, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine vilele vya miti iliyoota chini mbali. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Brigita alianza rozari. Watoto waliitikia. Gari lilipanda polepole, taa zikiwa zimewashwa, na yeye akisali na kutazama, kutazama na kusali, macho yakimuuma kwa kutopepesa. Alikuwa anatazama kwa niaba ya watu wawili, na hakuna sala aliyowahi kuisali kwa bidii kama ile, ingawa Mungu hakuwamo humo hata kidogo.

Kwenye kona ya tatu au ya nne alinyamaza. Gari likasimama. Kulia, kwenye majani, nyati dume alikuwa amesimama, nusu ya mwili barabarani, maji yakimdondoka puani. Aliwatazama, akavuka, akapotea. Watoto walishusha pumzi wote kwa pamoja.

"Macho ya kazi hayo," Leodegar alisema kutoka nyuma. "Mimi sikuona kitu kabisa." Na alisema kwa dhati, kwa sababu tangu Jumapili ile alikuwa amemkasirikia Felisiani na sasa alitaka yaishe. Felisiani alishukuru bila kugeuka. Brigita akaendelea na Salamu Maria pale alipoachia.

Pale juu, mahali watu wanaposimama kuitazama kreta, hapakuwa na kreta. Palikuwa na weupe mtupu kuanzia ukuta mfupi wa ukingoni kwenda mbele. Watoto waliegemea ukuta wakiwa wamenyong'onyea. Basi Felisiani akaja kati yao na kuanza kuwaeleza: pale chini kulia kuna msitu wa miti ya njano, tembo wazee wanakaa humo, katikati kuna ziwa la magadi, kule ng'ambo ndiko faru hupenda kulala asubuhi. Alinyosha kidole penye kila kitu. Watoto walitazama weupe ule na kusikiliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Brigita alimpenda mumewe bila hofu yoyote kuchanganyika. Yeye na wao walikuwa wanaona sawasawa.

Walipopanda tena, Leodegar alitoa rozari yake mfukoni.

"Mama Angelina, umesali peke yako tangu getini, sauti imekwisha. Fungu hili niongoze mimi."

Brigita alisema hapana, yuko sawa. Leodegar akasema apumzike. Brigita akasema kwa kweli hajachoka. Leodegar akacheka, akawauliza watoto kama ni haki mwenyekiti apande kreta kama mzigo. Kukataa mara ya tatu ingekuwa kumvunjia heshima mbele ya watoto, na kwa sala, jamani, unamkataliaje mtu kuongoza sala? Brigita alimgeukia mumewe. Alitegemea atasema kitu.

"Mwache mwenyekiti asali," Felisiani alisema.

Labda ni yule nyati aliyempa kiburi. Labda alichoka kuongozwa na mkewe. Baadaye alimwambia Brigita kwamba alidhani atapunguza mwendo tu na kutazama mwenyewe, na kwa kilomita moja hivi alifanya hivyo. Lakini Leodegar ana sauti nzuri, sauti ya kwaya, na anasali bila kukatiza. Anamaliza, watoto wanapokea, hawajamaliza naye amekwisha anza. Sala ilitiririka ndani ya gari lile bila nafasi ya kupenyeza hata sindano. Na mguu wa Felisiani, uliofundishwa wiki nzima kwamba sala maana yake njia ni nyeupe, ukaamini. Gari likaanza kukimbia.

Brigita aliwaona. Walikuwa wanatoka kwenye ukungu upande wa kushoto, punda wawili wenye madumu ya maji na mwanamke wa Kimaasai nyuma yao ameshika kamba. Brigita mwenyewe alikuwa amekwisha nyamaza tangu zamani. Hakuwa na sala yake ya kukatiza. Sala ikaendelea. Alipopata akili ya kuita jina la mumewe, mlio wa kishindo ulikuwa umekwisha sikika, na gari limeruka kidogo na kutulia mbele, mbali kidogo.

"Ni shimo," Felisiani alisema.

Watoto walikuwa wamegeuka wote kutazama kioo cha nyuma.

*

Punda mmoja alikuwa amelala ubavu, akipiga miguu; wa pili alikuwa amekimbilia majanini. Madumu yalikuwa yamepasuka na maji yalikuwa yanateremka barabarani. Mwanamke, mtu mzima, jina lake Nareyu kama walivyokuja kujua, alikuwa ameketi ukingoni pale kamba ilipomtupa, goti linavuja damu. Felisiani alishuka wa kwanza. Alikimbia, hilo lisemwe. Alikimbia hadi kwa punda, akasimama, akamtazama, akashika kichwa chake mwenyewe. Punda alitikisika mara mbili tatu, halafu akaacha.

Nareyu alikuwa kushoto kwake, hatua moja tu. Alimnyoshea mkono amwinue.

Felisiani hakuuchukua. Alisimama vile vile, akitazama mbele. Leodegar na watoto walikuwa wamefika na walikiona kitu hicho chote: mwanamke yuko chini, mkono umenyoshwa, na mtu aliyemwangusha amesimama hapo karibu kana kwamba hajali. Mtoto mmoja wa kike aliziba mdomo.

"Baba," Angelina alisema polepole. "Mkono wake."

"Mkono wa nani?" Felisiani aliuliza.

Nareyu aliushusha mkono. Alimtazama kwa muda, kisha akawatazama wale wengine, na katika Kiswahili chake kifupi akasema bila hasira, "Huyu haoni. Hapa mbele anaona. Hapa, hapa, haoni. Baba yangu alikuwa hivi."

Leodegar ndiye aliyemwinua mama yule. Alimshika kwa mikono miwili, akamketisha kwenye jiwe, akamfunga goti kwa kile kitambaa cha ndoo ya makande. Halafu alibaki amesimama, anautazama mkono wake wa kulia. Alikuwa anaikumbuka Jumapili ile, na maneno yote yaliyofuata. Machozi yalimtoka, mtu mzima yule, na hakuyaficha.

Brigita aliwaambia kila kitu pale pale barabarani, hadi habari ya rozari. Felisiani alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, ameinamisha kichwa. Watoto walisikiliza. Angelina alisikiliza zaidi ya wote, na aliposikia neno karo, aliondoka akaenda kusimama upande wa pili wa gari.

Ndugu za Nareyu walifika, wakakubaliana na Leodegar kwamba punda atalipwa punda, na jumuiya itamleta yenyewe Jumamosi inayofuata. Waliafikiana bila maneno makali. Nareyu alikuwa amewaambia jambo fulani kwa Kimaasai, na baada ya hapo wanaume wale hawakumsogelea Felisiani tena.

Leodegar, mwenye leseni ya lori lake la mabati, ndiye aliyeliendesha gari kurudi. Felisiani alikaa nyuma, kiti cha mwisho, kati ya watoto na ndoo ya makande ambayo hakuna aliyeigusa. Walipopita tena pale pa kutazamia, ukungu ulikuwa umefunguka. Jua lilikuwa limemulika kreta nzima, ziwa linang'aa, na vitu vidogo vyeusi vinatembea huko chini. Hakuna aliyeomba gari lisimame. Kabla ya kufika getini Leodegar alisema tu kwamba watakaoulizwa wajibu ni ukungu, na kwamba kweli ukungu ulikuwepo, na neno jingine lolote nje ya jumuiya litoke kwa Felisiani mwenyewe siku atakapokuwa tayari. Watoto waliapa.

*

Na walitimiza, nasema kweli. Jumuiya yote ilijua kufikia jioni, lakini hakuna aliyelitamka jambo hilo nje. Hiyo ni sifa yao na nitaitetea popote. Shida haikutoka kwenye midomo mibaya.

Shida ilikuwa kwamba waliona haya. Walimsema mtu mgonjwa kuwa ana majivuno, walimcheka nyumbani kwake huku wakinywa chai yake. Sasa walitaka kurekebisha. Bibi Sifa ndiye aliyeanza. Jumapili baada ya misa alisimama kando ya Felisiani, akapaza sauti: "Baba Angelina, ni mimi Sifa, niko mkono wako wa kushoto." Felisiani akageuka, akamshika mkono, na bibi yule akafurahi kama msichana. Basi wote wakashika mtindo huo. Sokoni, njiani, kwenye maji, kila mtu wa jumuiya akimwona alijitaja jina na kusema yuko upande gani. Felisiani alisalimiana na watu wengi wiki ile kuliko miaka miwili iliyopita, na alikuwa anarudi nyumbani uso umechangamka.

Alhamisi kulikuwa na kazi. Familia ya wageni, baba, mama na watoto wawili wadogo, walikuwa wanasubiri kwenye hoteli moja njia ya Oldeani, kwa safari ya siku tano. Felisiani alikuwa amemwambia mkewe kwamba hii ndiyo ya mwisho, akirudi atasema. Brigita alimbebea begi hadi ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mama Margareth alitoka nje mwenyewe. Alikuwa ameliangalia bampa lililobonyea, ameambiwa ukungu na punda, amekubali, kwani punda na ukungu ni vitu vya kila siku kule juu. Alikuwa na ufunguo wa gari mkononi. Alikuwa anamweleza Felisiani habari za wageni wale, kwamba mtoto mdogo anaogopa giza, kwamba ule mchezo wake wa Nani wa Kwanza wameuulizia kwa jina.

Bibi Sifa alikuwa anapita barabarani na kikapu. Akasimama, akapaza sauti kwa furaha, "Baba Angelina, ni mimi Sifa, niko kulia kwako." Felisiani akageuka, akaitikia. Nyuma yake mzee Bartolomeo wa kwaya, akisukuma baiskeli: "Ni mimi Bartolomeo, niko nyuma ya bibi, na hapo mguuni kushoto kuna ndoo, usiipige." Felisiani akacheka, akashukuru, akausogeza mguu.

Mama Margareth aliitazama ile ndoo. Ilikuwa ndoo kubwa ya kuoshea magari, nyekundu. Aliwatazama wale wazee wawili wakiondoka wakiwa wameridhika. Maneno aliyokuwa anayasema kuhusu mtoto wa wageni aliyaacha katikati.

Kisha akapiga hatua mbili pembeni, taratibu, bila viatu kutoa mlio kwenye kokoto. Akainua mkono wenye ufunguo na kuushikilia karibu na bega la kushoto la Felisiani. Ufunguo ulining'inia pale. Jua liliupiga.

Brigita aliuona. Begi lilikuwa bado mikononi mwake. Ilikuwa kazi ya neno moja tu, au kikohozi. Angeweza kusema, Baba Angelina, pokea. Alifikiria karo. Alifikiria mtoto anayeogopa giza, ambaye hamjui, na barabara ile, na kishindo kile ambacho mumewe alikiita shimo.

Akanyamaza.

Felisiani alikuwa anatazama mbele, uso bado umechangamka kwa zile salamu, mkono wa kulia ameutandaza kidogo.

"Mama," alisema, "ufunguo umeuacha ofisini?"

Hakuna aliyemjibu. Alisubiri kidogo. Halafu akausikia ule ukimya wa mkewe, akaujua, na mguu wake wa kulia ukakanyaga kokoto kwa nguvu.